Jina Adimu la Ukoo la Kiingereza: Namna ya Kulifuatilia Hadi Lilikotoka

Maswali ni yale yale kila mara. Mtu ana cheti cha ubatizo cha babu yake, na juu yake pana jina la ukoo ambalo hajawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Analitafuta mtandaoni, analetewa picha ya ngao yenye simba wawili na sentensi moja ya kusema jina hilo ni la kale na la watu wa heshima. Kisha anauliza: hawa watu walikaa wapi hasa? Mbona ni wachache hivi? Je, wote ni ndugu?

Majibu yapo, ila hayapo kwenye ngao. Yamo kwenye sensa, kwenye rejista za parokia na kwenye wosia, na yanataka mpangilio. Humu tutakwenda na jina moja la kushikia mkononi, Tyzack, kwa kuwa ni adimu, historia yake inafahamika, na linaonyesha wazi pale ramani inapompoteza mgeni. Tukisema Uingereza tunamaanisha Uingereza yenyewe, ile ya London na Newcastle. Wales, Uskoti na Ayalandi tutazigusa kwa ufupi.

Jambo la kuelewa kwanza

Jina la ukoo la Kiingereza haliendi kama majina yetu ya pwani. Kwetu, mtoto wa Juma bin Ali ni bin Juma, na jina la mwisho linasogea kila kizazi. Uingereza jina liliganda: kuanzia karne ya 13 hadi ya 15 hivi, mtu aliyeitwa kwa kijiji chake, kazi yake, baba yake au tabia yake alimwachia mwanawe jina hilo hilo, na mwana akamwachia mjukuu. Ndiyo maana linafuatilika. Wales walibaki na utaratibu unaofanana na wa kwetu kwa muda mrefu zaidi: ap Rhys ni mwana wa Rhys, na kutoka hapo likaja Price, ap Hywel likawa Powell. Majina ya namna hiyo yalizaliwa mara mia katika vijiji mia, kwa hiyo njia ya mwongozo huu haiyafai.

Adimu ni kiasi gani? Hakuna kipimo rasmi. Kwa kazi hii, jina ni adimu ikiwa unaweza kuwaorodhesha kwa mkono, mmoja mmoja, watu wote walioandikwa kwa jina hilo katika sensa ya 1881, na ukamaliza kwa siku mbili tatu.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jedwali la kompyuta, au daftari kubwa lenye mistari. Simu peke yake haitoshi.
- Akaunti ya FamilySearch, ambayo ni ya bure, na njia ya kufika FreeBMD (faharasa za kuzaliwa, ndoa na vifo) na FreeREG (rejista za parokia), nazo ni za bure. Tovuti za kulipia ziache kwanza. Ukishajua unachotafuta, mwezi mmoja wa kulipia utakutosha.
- Ramani ya kaunti za zamani, zilivyokuwa kabla ya mabadiliko ya tarehe 1 Aprili 1974. Ramani ya leo itakuchanganya.
- Ramani ya wilaya za usajili. Wilaya hizi hazikufuata mipaka ya kaunti.
- Fedha kidogo za nakala. Picha ya dijitali ya kumbukumbu ya zamani ni nafuu kuliko cheti cha karatasi, na kwa kazi hii picha inatosha.
- Karatasi moja ya pembeni yenye kichwa "Nisichoweza kuthibitisha". Utaihitaji mapema kuliko unavyodhani.

Hatua ya 1: Andika jina kwa kila namna linavyoweza kukosewa

Kabla ya kutafuta chochote, kaa chini uandike orodha ya tahajia. Karani aliandika alichosikia, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma ili amsahihishe. Kisha, miaka mia tatu baadaye, mtu mwingine akasoma mwandiko wa karani na kuukosea kwa namna yake. Makosa hayo ni ya aina mbili, na orodha yako iwe na sehemu mbili.

Makosa ya sikio: Tyzack, Tizack, Tyzacke, Tizacke, Tisack, Tysack, Tyssack. Kwa Kifaransa, Thisac na du Thisac.

Makosa ya jicho: hapa ndipo wengi wanapokosa nusu ya watu wao. Herufi kubwa T ya mwandiko wa zamani husomwa J, F au L. Herufi z katikati ya neno husomwa r, na Tyzack anageuka Tyrack. Baya zaidi ni s ndefu. Hadi karne ya 18 s ya katikati ya neno iliandikwa ndefu, inafanana na f isiyo na mkato kamili, kwa hiyo Tysack aliyeandikwa sawasawa na karani anaingia kwenye kanzidata ya leo kama Tyfack. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuitwa Tyfack, lakini ukimtafuta unaweza kumkuta.

Tovuti nyingi zinakubali alama ya nyota au ya kuuliza mahali pa herufi usizozijua: Ty*ack, T?z*ck. Maana ya alama hizi si moja kila mahali, na baadhi ya tovuti zinataka herufi kadhaa za kweli kabla ya nyota. Soma ukurasa wa msaada wa kila tovuti kabla ya kusema "hawapo".

Kosa la kawaida: kuamini kwamba tahajia tofauti ni ukoo tofauti. Kabla ya karne ya 19 mtu mmoja angeweza kubatizwa Tizack, kuoa Tyzacke na kuzikwa Tysack, yote katika kanisa moja.

Hatua ya 2: Wahesabu wote katika sensa ya 1881

Anza na 1881 na si mwaka mwingine. Sensa hiyo ilichukuliwa usiku wa tarehe 3 Aprili 1881, ilinakiliwa yote na wafanyakazi wa kujitolea, na inapatikana bure. Pia ilikuja katika wakati mzuri: reli zilishahamisha watu, lakini alama za makazi ya zamani zilikuwa bado zinaonekana.

Kila mtu mstari wake, na safu hizi: jina lilivyoandikwa, umri, uhusiano na mkuu wa kaya, kazi, parokia alipohesabiwa, kaunti, na mahali alipozaliwa. Safu ya mwisho ndiyo dhahabu. Usiichanganye na ile ya alipohesabiwa. Ziweke mbali, hata rangi zipe tofauti.

Sasa hesabu kwa kila kaunti, lakini usiishie kwenye idadi. Kaunti kubwa itaonekana kinara kwa kila jina. Gawa idadi ya wenye jina kwa idadi ya watu wote wa kaunti, zidisha kwa 100,000. Mfano wa hesabu tu: watu 30 katika Lancashire, iliyokuwa na watu kama milioni 3.45, ni chini ya mmoja kwa kila laki. Watu 6 katika Rutland, iliyokuwa na watu 21,000 na kitu, ni 28 kwa kila laki. Ramani ya idadi inaonyesha Lancashire. Ramani ya uwiano inaonyesha Rutland.

Usikimbilie Rutland pia. Hao sita wanaweza kuwa baba, mama na watoto wanne waliohamia mwaka uliopita. Kwa jina adimu, fanya hesabu ya pili kwa kaya badala ya watu, na ya tatu kwa mahali pa kuzaliwa kwa wale wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Hesabu tatu zikielekeza sehemu moja, una kitu. Zikitofautiana, amini ile ya wazee.

Wapi watu hupotea: waliokuwa melini usiku huo (na ukoo wa bandarini utakuwa na wengi wa hivyo), waliokuwa jela au hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako wakati mwingine ziliandikwa herufi za mwanzo tu za jina, na wanawake walioolewa. Mke amehesabiwa kwa jina la mume, hivyo nusu ya damu ya ukoo haionekani kwenye ramani yako. Hilo halina dawa, lijue tu.

Hatua ya 3: Rudi nyuma kwa kutumia wazee

Nenda sensa ya 1851, ya tarehe 30 Machi. Watafute wenye miaka 60 na zaidi. Mzee wa miaka 75 wa mwaka ule alizaliwa 1775 au 1776, na karani amemwandikia parokia aliyozaliwa. Umepata ramani ya karne ya 18 bila kufungua rejista hata moja.

Sensa ya 1841 itumie kwa uangalifu. Umri wa walio juu ya miaka 15 ulishushwa hadi nambari ya chini inayogawanyika kwa tano: mwenye 39 ameandikwa 35. Mahali pa kuzaliwa pana ndiyo au hapana tu, kwamba amezaliwa kaunti hiyo au la. Wanaoanza hushika umri wa 1841 kama Biblia, wakatafuta ubatizo miaka minne mbele ya ulipo.

Hatua ya 4: Jaza mapengo kwa usajili wa serikali

Usajili wa kuzaliwa, ndoa na vifo Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa zimepangwa kwa robo ya mwaka na kwa wilaya ya usajili. Hesabu vizazi vya jina lako kwa kila wilaya, miaka kumi kumi. Utauona ukoo unavyotambaa: hapa unapungua, pale unachipuka.

Mambo matatu ya kujihadhari nayo. Robo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42, hivyo mtoto wa Desemba mara nyingi yuko robo ya kwanza ya mwaka unaofuata. Kabla ya 1875 hakukuwa na adhabu ya kweli kwa mzazi asiyesajili, na watoto wengi hawamo. Na wilaya si kaunti: wilaya ya Stourbridge ilikamata vipande vya Worcestershire na vya Staffordshire, kwa hiyo "aliyezaliwa Stourbridge" hajakwambia alizaliwa kaunti gani.

Faharasa ya zamani haina jina la ukoo la mama la kabla ya kuolewa hadi robo ya tatu ya 1911. Faharasa mpya ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili imeliongeza tangu 1837. Itumie hiyo, inatenganisha binamu wawili wenye jina moja bila kulipia cheti.

Hatua ya 5: Ingia kwenye rejista za parokia

Amri ya kuweka rejista za ubatizo, ndoa na maziko ilitolewa 1538. Rejista nyingi hazianzii hapo: mwaka 1598 iliamriwa zinakiliwe kwenye ngozi, na makasisi wengi waliridhika kunakili tangu Elizabeth wa Kwanza alipotawala, 1558. Kuanzia wakati huo huo kila parokia ilipaswa kupeleka nakala ya mwaka kwa askofu. Kumbuka hilo: rejista ikiliwa na panya, nakala ya askofu inaweza kuwa salama mji mwingine.

Kwa kila parokia iliyotokea kwenye hatua ya 3, fanya parokia zinazoizunguka pia, mwendo wa kilomita 15 hivi. Mtu wa karne ya 17 aliyetafuta mke au kazi hakwenda mbali zaidi ya hapo, isipokuwa kazi yake yenyewe ilimlazimu. Hiyo "isipokuwa" ndiyo habari yote ya Tyzack, tutaifikia.

Tarehe zitakuponza usipojua hili: hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ukiona ndoa ya Juni 1641 na ubatizo wa mtoto wa Februari 1641, usimhukumu bibi harusi. Februari ile ni ya mwaka tunaouita 1642. Andika 1641/42 kwenye jedwali, kila mara.

Kati ya 1642 na 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, rejista nyingi zina mapengo. Usiunganishe vizazi viwili kwa kuruka pengo hilo kwa sababu tu majina yanafanana. Kwa upande mwingine, rejista za ubatizo kuanzia 1813 ni fomu zilizochapwa, na zina kazi ya baba na mahali anapokaa. Anza nazo, zinasomeka.

Waliokataa Kanisa la Kiingereza wana rejista zao. Ila kati ya 1754 na 1837 hata wao ilibidi wafunge ndoa kwenye kanisa la parokia, Wayahudi na Wakweka tu ndio walioachwa. Ukikuta ndoa bila ubatizo wowote wa watoto, tafuta kanisa jingine kabla ya kudhani wamehama.

Hatua ya 6: Tafuta jina lilipoonekana mara ya kwanza

Nyuma ya rejista kuna orodha za kodi. Zenye faida kwa majina: kodi ya kichwa ya 1377, 1379 na 1381, kodi ya mali ya 1524 na 1525, viapo vya 1641 na 1642, ambavyo kila mwanamume wa miaka 18 na zaidi alitakiwa kuviapa, na kodi ya meko ya 1662 hadi 1689, iliyohesabu sehemu za moto za kila nyumba. Hakuna hata moja iliyobaki nzima kwa nchi yote. Kabla ya kusema jina halikuwepo kaunti fulani, hakikisha orodha ya kaunti hiyo ipo.

Unachotafuta ni moja ya sura mbili. Ya kwanza: jina lipo sehemu moja tangu karne ya 14, na karibu na hapo pana kijiji au shamba lenye jina hilo hilo. Hilo ni jina la mahali. Attenborough ni la hivi. Kijiji kiko kando ya mto Trent, kusini-magharibi mwa Nottingham. Ya pili: jina halipo, halipo, halipo, kisha ghafla lipo, mara nyingi pamoja na majina mengine mageni. Hapo umekutana na wahamiaji.

Tyzack ni sura ya pili, safi kabisa.

Hatua ya 7: Unganisha mafungu

Hapa tutakaa, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Ukiwatafuta Tyzack wa karne ya 19 utawakuta Tyneside, ukanda wa Newcastle, na Sunderland, na utawakuta Sheffield. Anayetazama ramani tu atasema: mafungu mawili, asili mbili, na labda kuna kijiji kaskazini kilichoitwa hivyo. Hakuna kijiji. Jina ni du Thisac, moja ya koo za mafundi wa vioo wa misitu ya Lorraine, mashariki mwa Ufaransa ya leo, karibu na Darney, ambao haki zao maalumu zilithibitishwa kwa hati ya 1448. Mwaka 1567 Jean Carré, mtu wa Arras aliyetokea Antwerp, alipata kibali cha kutengeneza vioo vya madirisha Uingereza, akawaita mafundi wa Lorraine kwenye misitu ya Sussex na Surrey, sehemu za Wisborough Green na Alfold. Carré alifariki 1572. Mafundi wakabaki, kisha wakaanza kuhama.

Walihama kufuata kuni. Tanuri la kioo linakula msitu. Miti ikiisha, unabomoa na kwenda. Wakapanda hadi Staffordshire. Mwaka 1615 mfalme alipiga marufuku kuni kwenye matanuri ya vioo, makaa ya mawe tu, na haki ya kutengeneza vioo ikaangukia mikononi mwa Sir Robert Mansell. Kuanzia hapo, fundi wa vioo lazima akae juu ya makaa ya mawe. Stourbridge palikuwa na makaa na udongo wa kufinyangia vyungu vinavyohimili moto. Jina la Paul Tyzack liko huko katika miaka ya 1610. Newcastle palikuwa na makaa na meli, na Mansell alifungua matanuri huko mwishoni mwa miaka hiyo hiyo.

Sasa geuza hadithi hiyo iwe kanuni za kazi:

1. Jaza safu ya kazi kabla ya safu ya uhusiano. Ukoo unaoruka kilomita 300 kwa kizazi kimoja huku kazi ikibaki ile ile haujaruka, umefuata kazi. Tafuta mahali pengine kazi hiyo ilipofanyika, hapo ndipo rejista inayofuata ilipo.

2. Andika majina mawenzi. Du Thisac walisafiri na de Hennezel, ambao Uingereza wakawa Henzey, Henzell na Ensell, na de Thiétry, waliogeuka Tittery. Walikuwa wakioana wao kwa wao. Ukiwa kwenye rejista ngumu kusomeka na ukaona Henzey, punguza mwendo. Tyzack yuko kurasa za jirani, labda kama Tifack. Kila jina la wahamiaji lina mawenzi yake. Yatafute kwenye mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa wosia.

3. Fungua wosia. Kabla ya tarehe 12 Januari 1858 wosia ulithibitishwa na mahakama za kanisa, kwa hiyo unahitaji kujua dayosisi, si mji. Eneo la Stourbridge linaumiza kichwa: Oldswinford iko Worcestershire, dayosisi ya Worcester, Kingswinford, jirani kabisa, iko Staffordshire, dayosisi ya Lichfield. Ndugu wawili waliokaa mwendo wa saa moja kwa miguu wana wosia kwenye hifadhi mbili tofauti. Wosia wa Newcastle ni wa dayosisi ya Durham, na umehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Durham. Wa Wisborough Green ni wa Chichester. Wenye mali katika dayosisi zaidi ya moja walikwenda mahakama kuu ya Canterbury au ya York. Tafuta huko pia, maana mafundi wa vioo hawakuwa maskini.

4. Usiunganishe fungu la mwisho kwa hamu. Kule Sheffield Tyzack si watu wa vioo tena; ni watu wa chuma, watengenezaji wa misumeno na miundu mirefu ya kukatia nyasi, na kiwanda cha Abbeydale walikipanga tangu 1849. Jina ni lile, kazi siyo. Kazi ikibadilika, kanuni ya kwanza haikusaidii, na unatakiwa kuzishika rejista parokia kwa parokia. Jina kuwa adimu ni dalili nzuri, lakini si cheti.

Hatua ya 8: Maana ya jina, mwisho kabisa

Wanaoanza huanzia hapa. Maana haipatikani kwa kulitazama jina la leo; hupatikana kwa tahajia ya zamani zaidi uliyoipata kwenye hatua ya 6, mahali lilipokuwa. Shufflebottom linachekesha Waingereza wenyewe, maana masikioni mwao ni kama mtu anayeburuta makalio. Tahajia za zamani zinarudi kwenye Shipperbottom, mahali katika parokia ya Bury, Lancashire, na bottom ni sakafu ya bonde, huku mwanzo wa jina ukitokana na sheep, kondoo. Kondoo wamo, makalio hayamo.

Na ngao? Ngao ilipewa mtu na uzao wake, haikupewa jina. Kushiriki jina na mwenye ngao hakukupi chochote. Anayekuuzia "ngao ya ukoo" kwa kuangalia jina tu anakuuzia picha.

Hatua ya 9: Vinasaba, ukitaka

Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda kwa mwana, njia ile ile ya jina. Wapime wanaume wawili wenye jina, kutoka matawi yanayokutana mbali kadiri iwezekanavyo. Kumpima mtu na kaka yake ni kutupa fedha. Chukua kipimo cha alama 37 au zaidi. Utafiti wa Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester, uliochapishwa 2009, ulipima majina 40: kwenye majina adimu kama Attenborough wanaume wengi walitoka kwa babu mmoja, kwenye Smith hakukuwa na uhusiano wa maana.

Uwe tayari kwa jibu lolote. Mwaka 2007 watafiti hao hao walichapisha habari ya jina adimu la Yorkshire: wanaume 7 kati ya 18 waliopimwa walikuwa na aina ya Y ambayo asili yake ni Afrika Magharibi, na nasaba zao zikarudi hadi Yorkshire ya karne ya 18. Hao wengine 11, jina lile lile, hawakuwa nayo. Mtoto wa nje ya ndoa, mtoto wa kulea, mume wa pili aliyewapa watoto wa kwanza jina lake: yote hayo hukata uzi wa Y na kuacha jina likiendelea.

Mambo yakikwama

*Jina limeonekana mara moja tu, mwaka mmoja, kaunti ya ajabu.* Fungua picha ya ukurasa wenyewe, usiamini nakala. Mara nyingi ni jina jingine lililosomwa vibaya. Linganisha herufi ya kwanza na herufi hiyo hiyo kwenye maneno mengine ya karani yule yule.

*Kuna John wawili, umri mmoja, parokia jirani.* Usimchague unayempenda. Tafuta maziko kwanza: mmoja wao huenda alizikwa akiwa mtoto, na watu wengi wamejenga nasaba nzima juu ya mtoto aliyekufa na miezi mitatu.

*Rejista ya kabla ya 1733 ni Kilatini.* Yanayohitajika ni maneno machache: baptizatus (amebatizwa), nupti (wameoana), sepultus (amezikwa), filius (mwana), filia (binti), uxor (mke), vidua (mjane). Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Jina la ukoo kwa kawaida halikutafsiriwa.

*Ukoo umetoweka baada ya 1881.* Tazama sensa za 1891, 1901, 1911 na 1921 kabla ya kudhani wamekwisha. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 haikuchukuliwa kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa na orodha ya tarehe 29 Septemba 1939. Kisha angalia orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960, zilizohifadhiwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka.

*Uzi unaishia Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam.* Orodha hizo hizo za abiria zina safari za huku. Vizazi na vifo vya raia wa Kiingereza vilivyoandikishwa nje vina faharasa zake, tofauti na zile za hatua ya 4. Kwa Kenya, pekua Gazeti Rasmi la serikali: matangazo ya mirathi yana jina kamili, mahali na tarehe ya kifo, na mara nyingine yanataja hata kazi.

*Jina linaelekea Uskoti.* Usajili ulianza 1 Januari 1855, na vyeti vyake vina habari nyingi kuliko vya Uingereza. Cheti cha kifo kina majina ya wazazi wote wawili. Lipia bila kusita.

*Linaelekea Ayalandi.* Moto wa hifadhi ya Dublin wa 1922 ulikwenda na nyaraka nyingi, zikiwamo sensa za 1821 hadi 1851. Sensa za 1901 na 1911 zipo, tena bure. Anza na hizo, kisha usajili wa 1864 kwenda mbele, na jina likiwa na O' au Mac mwanzoni, litafute pia bila kiambishi hicho, maana familia moja ililiacha na kulirudisha kizazi hadi kizazi.